Makofi Nyuma ya Mlango

Andika kwanza kwamba baba yangu alikuwa mshona kanzu, mzaliwa wa Kibokoni, katika nyumba ambayo sasa ni ghala la mazulia. Mama yangu alizaliwa Lamu, akaletwa Mombasa kwa ndoa, na hakurudi kwao tena ila kwa mazishi. Majina yao unayajua. Usiyaandike hapa, kwa sababu habari ninayokupa imechafuliwa na watu, na wao waliondoka duniani wakiwa safi.

Andika pia kwamba sikutiwa skuli. Chuoni nilihifadhi sura za Kurani kwa masikio, lakini herufi za Kizungu hazijawahi kuniambia neno. Usinionee huruma kwa hilo. Nataja ili msomaji aelewe jinsi barua ilivyoweza kupita mikononi mwangu, ikakaa mkobani mwangu, ikavuka mtaa baada ya mtaa pamoja nami, nisijue kwamba anayesutwa ndani yake ni mimi.

Nyumba ninayoizungumzia unaijua kwa nje. Iko Kibokoni, mtaa ule ule wa baba yangu, na mimi na babu yako tuliingia orofa ya chini tukiwa maarusi. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mwenzangu, akikaa orofa ya juu na mumewe na mwanawe mmoja. Hatukuandikiana chochote. Tulikubaliana kwa mdomo, na mdomo ule ulitosha maisha yote aliyoishi. Akipika alinishushia sahani, nami nikipika nilimpandishia. Alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia kwingine na kuwa mfanyabiashara. Huyo ndiye mwenye nyumba nitakayemtaja mpaka mwisho. Hakuna mwingine.

Babu yako alipofariki, nilikaa eda kama ilivyonipasa, miezi minne na siku kumi, ndani, bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu wangu. Wewe umesoma dini, lakini yako mambo ambayo hayakuandikwa popote na sisi tuliyashika. Mama yangu alinifunza kwamba sauti ya mwanamke aliye edani haivuki mlango. Akibishiwa hodi na mwanamume wa nje, na ndani hakuna mwanamume wa kujibu, hupiga makofi: kiganja kwa kiganja, mara mbili au tatu, kwa taratibu. Anayebisha hodi akisikia, huelewa kwamba mtu yupo, hajambo, ila si wa kuonana naye. Huondoka kwa heshima, na akiwa na haja humtuma mwanamke. Mtaani kwetu hata muuza kashata alielewa.

Mama yako alikuwa akija kunitazama jioni akitoka kazini. Mchana nilikuwa peke yangu. Asubuhi moja hodi ikabishwa, ikabishwa tena, sauti ya kijana nisiyemjua. Nikapiga makofi. Akasema, "Nani huyo? Fungua, nimetumwa na mwenye nyumba." Nikapiga makofi tena. Nikasikia akijisemea, "Ananipigia makofi! Kwani mimi ni bendi?" Akaenda zake.

Nilicheka peke yangu siku ile. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu msiba. Nisingalicheka kama ningalijua kitakachotoka humo.

Baadaye akaja mwenye nyumba mwenyewe, na nyuma yake sauti za watu wa kigeni. "Mama," alisema mlangoni, "fungua kidogo tu. Watu hawa wataka kuiona nyumba, wana safari." Alitaka kuifanya nyumba ile ya wageni, yenye vitanda vya pazia na picha za punda ukutani. Nikapiga makofi. Akangoja. Akaugonga mlango kwa kiganja kizima, si kwa kidole. Nikapiga makofi tena, vile vile, wala sikuongeza nguvu. Nilijua kwamba anaelewa. Sauti zile zikaondoka, na kwa nilivyosikia baadaye, zikaenda kukodi nyumba nyingine, upande wa bandari ya zamani.

Siku nilipotoka eda, sikupewa hata nafasi ya kuzoea jua. Mama yako aliniletea habari kwamba mwenye nyumba anataka nyumba yake. Sikubishana. Watu waliniambia nibishane, kwamba mpangaji wa miaka mingi haondolewi kama jivu. Nikawaambia nyumba ni yake, mimi nilikuwa na mdomo tu na mama yake, na mwenye mdomo ule hayupo. Neno lile nililisema kwa kiburi. Kiburi ndicho pekee nilichokuwa nacho cha kuhamia nacho.

Tukatafuta, na Mungu akatuonyesha nyumba mtaa wa Tudor. Ilikuwa chumba na sebule, chini kabisa bila ngazi, kwa sababu ya magoti yangu, na hatua chache tu kutoka kwenu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyestaafu uuguzi, mtu wa Kaloleni, Mkristo, mwenye maneno machache. Nilimpenda. Alinionyesha jiko, akanionyesha mahali pa kuanikia nguo ambapo mwanamume wa jirani haoni. Nilikuwa nimekwisha kulipima dirisha kwa shuka, nijue pazia litaishia wapi.

"Mama, nimekubali," alisema. "Kitu kimoja tu. Niletee barua kutoka kwa mwenye nyumba wako wa zamani. Kila anayeingia hapa huleta."

"Utaipata," nikamwambia.

Mwenye nyumba alikuwa na duka la bizari na tende karibu na Marikiti. Nilimkuta amesimama mlangoni, wachukuzi wakimshushia magunia.

"Aa, bi mkubwa! Kumbe u hai!" alisema kwa sauti ya kusikiwa. "Nami nilidhani mlango ule umekumeza."

"Eda imekwisha, mwanangu. Nimekuja kuomba barua."

"Barua ya nini tena? Si nilikwambia hama tu?"

"Nahama. Mwenye nyumba wa Tudor ataka kujua nilikaaje kwako."

Akawageukia wachukuzi. "Mwasikia? Ataka niandike alikaaje! Alikaa, wallahi! Alikaa kama mzizi wa mkungu."

Wakacheka. Mmoja wao, mtu mzima, hakucheka. Aliniwekea gunia tupu juu ya kisanduku, nikakaa. Mwenye nyumba akaingia ndani, akachukua karatasi, akaandika akiwa amesimama, bila kufikiri sana. Akaikunja, akaitia bahashani, akailamba gundi.

"Mpe mkononi mwenyewe," akasema. "Usiifungue. Barua ya mpangaji haisomwi na mpangaji."

Nikaamini kwamba hiyo ni sheria. Mtu asiyesoma huziamini sheria nyingi zisizokuwapo. Nikamshukuru, ndiyo, mjukuu wangu, liandike hilo. Nilimwombea kheri mbele ya wachukuzi wake, na yeye akaitikia "Amin."

Mama wa Tudor alinikaribisha sebuleni, akanipa maji ya ukwaju. Akafungua barua. Nilikuwa nikimtazama, kwa sababu mtu asiyesoma husoma uso wa anayesoma. Uso wake ulikuwa umelegea, kisha ukakazika taratibu, mahali karibu na mdomo.

"Mama," akasema, "wewe huwa una hasira?"

"Hasira gani?"

"Nauliza tu."

"Hasira ninayo kama kila aliyezaliwa. Kwani imeandikwa nini?"

Akaikunja ile barua katika mikunjo yake ile ile. "Nitazungumza na mume wangu," akasema. "Nitakupigia simu." Akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha watu kisije kikavunjika kwake. Ile mikono miwili ndiyo iliyonionyesha kwamba nyumba nimeikosa.

Simu ilikuja kwa mama yako: nyumba imepata mtu. Siku chache baadaye nilipita pale kwa makusudi. Kibao cha kupangisha kilikuwa bado kinaning'inia kwenye lango. Sikuhitaji mtu wa kunisomea.

Ndipo nilipokupa wewe ile bahasha. Uliisoma kimya kwanza, jambo ambalo nilikuwa nimekukataza, kisha ukaniuliza, "Bibi, kwani ulimpiga mtu?"

Nikakwambia usome kwa sauti, neno kwa neno, wala usinionee haya. Ukasoma: Mpangaji huyu amekaa nyumbani kwangu muda mrefu. Katika siku za mwisho alijificha, akakataa kunifungulia mlango wa nyumba yangu mwenyewe, akakusanya watu bila idhini, na akampiga makofi mjumbe wangu. Sina la kuongeza.

Kujificha kulikuwa ni eda. Kukusanya watu kulikuwa ni hitima ya babu yako, kisomo cha kumwombea, ambayo mwenye nyumba mwenyewe alihudhuria, akala, akaondoka na sahani ya halua ya watoto wake. Lakini lile neno la mwisho sikulielewa. Nimeishi mpaka uzee bila kuinua mkono juu ya mtoto wa mwenzangu, seuze mwanamume mzima aliyetumwa kazi yake.

Sasa nitakueleza milango niliyobisha, kwa sababu huenda siku moja nawe ukatakiwa kuibisha, na hakuna aliyenieleza mimi.

Nilianza kwa kadhi, kwa kuwa niliona shauri lenye eda ni shauri la dini. Karani akanisikiliza kwa adabu, akaniambia kwamba pale huamuliwa ndoa, talaka na mirathi. "Barua ya mwenye nyumba, bibi, haikuoi wala haikurithi." Alidhani ametania vizuri. Nikaenda kwenye baraza la mashauri ya kodi za nyumba. Huko wakaniuliza kama nimepandishiwa kodi. Hapana. Kama nimetolewa kwa nguvu. Hapana, nimetoka kwa miguu yangu. Basi wakasema shauri langu si la nyumba. Ni la maneno, na maneno hawayashughulikii. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu akaniambia, "Rudi nyumbani, mama, umwachie Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu nimekwisha kumwachia; naye mwenye nyumba aachiwe nani?

Mwisho tukafika, wewe na mimi, kwenye ofisi ya mawakili wanaosaidia watu bila malipo. Wakili alikuwa binti mdogo, mwenye miwani, mgeni wa mji huu. Akaisoma barua, akaivua miwani.

"Bibi, mimi niko upande wako. Niambie kweli. Ulimpiga huyu mtu makofi?"

"Nilipiga makofi."

"Kwa hiyo ulimpiga."

"Nani?"

"Mjumbe."

"Nitampigaje, na mlango u katikati?"

"Lakini umesema ulipiga makofi."

"Nilipiga makofi. Sikumpiga makofi. We binti, Kiswahili chako umekisomea wapi?"

"Skuli, Bibi."

"Walikukatia nusu tu."

Akacheka, nami sikucheka. Akaniomba nimwonyeshe. Nikapiga makofi pale juu ya meza yake, mara mbili, taratibu, nikamweleza maana yake. Kisha akachukua karatasi akaandika maneno mawili, akakuonyesha wewe, nawe ukashika mdomo. Alikuwa ameandika *alinipigia makofi* na *alinipiga makofi*. Akanieleza kwamba tofauti yake ni herufi moja, kijiti chenye nukta juu. Kijana alikwenda kwa bwana wake akasema kwamba bibi kamshangilia kama mpuuzi. Bwana akaandika kwamba bibi kamzaba mtu makofi ya uso.

Binti yule alinieleza sheria kwa utulivu, na kwa kuwa sijui kuandika, niliishika kichwani kama nilivyoshika sura za chuoni. Alisema hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kumwandikia mpangaji barua. Akikataa, amekataa. Lakini akishaandika, inampasa aandike kweli, na mpangaji ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake. Ile kauli kwamba barua haisomwi na anayeandikwa, akasema, haikutoka katika sheria yoyote. Ilitoka dukani kwake. Hatua ya kwanza ni kumwandikia mwenye nyumba, kumwonyesha palipo na uwongo, na kumtaka asahihishe kwa muda maalumu. Asiposahihisha, kuna sheria mpya ya kulinda habari za watu. Mtu anayeeneza habari zisizo za kweli juu ya mwingine anaweza kutakiwa azirekebishe au azifute, na kuna ofisi ya serikali ya kupelekewa malalamiko. Na juu ya hayo iko mahakama, kesi ya kuchafuliwa jina. Hiyo ina mwaka mmoja tu tangu barua ilipotolewa. Mwaka ukipita mlango umefungwa.

"Ila ina mwiba," akasema. "Barua anayoandika mwenye nyumba kumpa mwenye nyumba mwenzake ina kinga. Akisema aliandika alichoamini, hata kama alikosea, mahakama inaweza kumwachia. Kinga ile huvunjika tukionyesha kwamba aliandika kwa chuki, au akijua kwamba si kweli. Sasa nijibu, Bibi: huyu mtu alijua makofi yale yana maana gani?"

Alijua, nami nina hakika.

Kwa sababu baba yake alipofariki, mama yake naye alikaa eda, orofa ya juu, nyumba ile ile. Nilikuwa nikipanda kila asubuhi kukaa naye. Na yeye, kijana mwenye ndevu za kwanza, ndiye aliyekaa barazani kuwapokea wanaume. Nilimsikia kwa masikio yangu haya, mtu mmoja alipoendelea kubisha, akimfokea: "Mama yu edani, amekwisha kupiga makofi! Huna masikio wewe?"

Nikamweleza wakili. Akaivaa miwani tena.

Barua ya madai ikaandikwa, na mwenye nyumba akaitikia wito, akaja ofisini akiwa amejitia manukato, pamoja na yule kijana wake wa kutumwa. Nami nilikuwapo, nimekaa kwenye kona na buibui langu. Yule kijana alipoambiwa kwamba ni mimi, alisimama.

"Shikamoo, Bibi. Sauti ya mlango nimeijua, uso ndio naona leo."

"Marahaba."

Wakili akamuuliza moja kwa moja kama nilimpiga. Akashtuka. "Kunipiga? Sikuona hata kidole chake! Mimi nilimwambia bosi, yule bibi alinipigia makofi. Nilidhani ananicheka. Mimi si mtu wa huku, hayo mambo siyajui."

"Basi ni kosa la kalamu," akasema mwenye nyumba, akifungua mikono. "Herufi moja. Watu wataka kwenda mahakamani kwa herufi moja? Bi mkubwa, sisi ni watu wa nyumba moja."

"Mama yako alipokaa eda," nikamuuliza, "nani alikaa barazani?"

"Mama yangu yu kaburini. Mwache alale."

"Nimemwacha. Wewe ndiye nakuuliza."

Akatoa simu yake akaitazama, na simu ilikuwa haikulia. Kijana wake alikuwa akimtazama yeye. Wakili alikuwa akiandika. Baada ya hapo mwenye nyumba akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba atasahihisha barua, na mambo yaishe kwa heshima. Na mimi, pamoja na ukali wangu wote, nilimwamini. Nilidhani mtu akitajiwa eda ya mamake mbele ya watu, kuna kitu ndani yake kinarudi mahali pake.

Barua iliyosahihishwa ililetwa ofisini. Ulikuwapo ilipofunguliwa. Alikuwa amechukua nakala ya barua ile ile, na kwa kalamu ya rangi nyingine ameisokomeza ile herufi moja katikati ya neno. Basi. Alijificha, akakataa kunifungulia, akakusanya watu bila idhini, na akampigia makofi mjumbe wangu. Chini yake, sahihi yake. Kwanza nilikuwa mpiga watu. Sasa nikawa mwenye kejeli. Wakili alipomwandikia tena, akajibu kwa mstari mmoja: nilitakiwa herufi, nimetoa herufi.

Mjukuu wangu, nimezika mume na watoto wawili, na nimeuacha mlango niliouingia nikiwa arusi. Hakuna kilichonikaa kooni kama herufi ile. Ile barua ya kwanza ningaliweza kusema aliiandika kwa haraka, kwa hasira ya wageni waliomkimbia. Hii ya pili alikaa, akafikiri, akapima mahali pa kuipachika.

Wakili akaenda Tudor kumweleza yule mama wa uuguzi. Mama akasikitika kwa kweli, akanipigia simu mwenyewe. "Mama, laiti ningekuuliza vizuri. Niliogopa. Ninakaa na wajukuu nyumba ile ile." Nyumba ilikuwa imekwisha kuingiwa na mtu, kweli safari hii. Akasema yuko tayari kusimama mahakamani aseme kwamba ile barua ndiyo iliyomfanya anikatae. Nilimshukuru. Pole yake niliipokea pia, ingawa pole haina mlango wala dirisha la kupima pazia.

Kwa hiyo naishi kwenu. Baba yako hajanikosea hata siku moja, na hilo liandike waziwazi. Lakini mimi ni mama mkwe wake, na wewe wajua adabu ya mkwe kwetu. Asubuhi husubiri atoke ndipo niende kuoga. Akirudi wakati wa chakula, hujifunika, nala kidogo, naondoka mapema nimpishe sebule yake. Yeye naye hukohoa nje kabla ya kuingia nyumba anayoilipia mwenyewe. Wawili tunaogopana kwa heshima, kila siku, katika vyumba viwili. Nilitaka mlango wa kwangu wenye pazia langu, ambamo hata nikikohoa hakuna anayepaswa kunipisha. Hilo tu. Sikutaka kitu kingine cha dunia.

Malalamiko yako katika ile ofisi ya serikali, na wanasema wanachunguza. Kesi ya jina nayo imefunguliwa kabla ya mwaka kwisha. Mwenye nyumba hajawahi kukosa sababu: mara anaumwa, mara wakili wake yuko Nairobi, mara karatasi haionekani. Wiki iliyopita nilimwuliza binti wa miwani kwa nini mtu mwenye uhakika wa haki yake anakimbia tarehe. Hakutaka kunijibu. Nikamwambia mimi si mtoto.

"Bibi," akasema, "kesi nyingine nyingi mtu akifariki watoto wake huziendeleza. Kesi ya jina, sheria huizika na mwenye jina."

Basi ndivyo. Mwenye nyumba anangoja. Kila tarehe ikisogezwa, ananitazama pale kortini, anazitazama hatua zangu, na fimbo yangu. Ananiamkia vizuri, anauliza hali yangu. Nami humjibu kwamba sijambo, nina nguvu, na nala vizuri. Nakula kwa makusudi siku hizi.

Sasa sikiliza cha kuweka. Barua ya kwanza iweke, na bahasha yake, usiichane kwa haya. Haya si zako wala zangu. Barua ya pili iweke kando na ya kwanza, usizipige pini pamoja, wakili alisema tundu la pini huleta maswali. Usizikunje mahali pengine ila pale alipokunja yeye. Karatasi ya madai, na ule mstari wake mmoja wa majibu, zitie katika ule mfuko wa plastiki wenye kifungo, si kabatini chini kwenye maji ya mvua. Andika jina la yule kijana mjumbe katika karatasi nyingine, kwa kuwa alisema kweli mbele ya anayemlipa, na siku moja atatafutwa. Akija mtu kukuambia tumalize nyumbani kwa fatiha na kahawa, mkaribishe, mpe kahawa, na usitie sahihi.

Nikifa kabla ya hukumu, usiende kupigana na sheria, hutaiweza. Ila ile ya ofisi ya serikali waulize kama nayo inazikwa. Sikumwuliza wakili, nilisahau. Mwulize wewe.

Na ukijaliwa nyumba, mpangaji akakuomba barua, msomee kabla hujaifunga.

Haya, yatosha. Sasa nisomee ulichoandika, tangu jina la Kibokoni mpaka hapa, kwa sauti, wala usiruke kitu.